Hilux 5L imeshuka kutoka kilomita 10 hadi 7.6 kwa lita: nianzie wapi?

Mviazi_Isyonje

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua dizeli. Gari ni Hilux dabo kebini, 4x4, injini 5L isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia za mkono. Kazi yake ni kubeba viazi kutoka Isyonje na Kikondo kushuka Uyole mpaka Mwanjelwa, mara mojamoja Makambako. Ilikuwa inatoa kilomita 10 kwa lita. Sasa inatoa 7.6, njia ileile na mzigo uleule.

Dalili zake: asubuhi inatoa moshi mweupe mpaka itembee kidogo, ikipanda na mzigo inatoa moshi mweusi, na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu kuliko zamani. Nguvu si mbaya. Oili imemwagwa juzi na filta yake, imewekwa 20W-50. Fundi mmoja anataka kushusha pampu ya dizeli, mwingine anasema ni nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Zote mbili ni hela ndefu. Kabla sijalipa nataka kujua ni mambo gani ya sevisi ya kawaida yanayoweza kurudisha ulaji wa mwanzo, tuanze na yale ya bei ndogo.

Spana17

Usishushe pampu bado. Jibu kwanza haya:

Unapimaje hiyo 7.6? Tairi ni saizi gani, na zamani zilikuwa gani? Themostati (valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto) ipo au ilitolewa? Habu za mbele, zinazounganisha magurudumu na ekseli, ni za kuzungusha kwa mkono, na sasa hivi ziko kwenye FREE au LOCK?

Mviazi_Isyonje

Shukrani mkuu. Napima kwa kujaza tangi, nasoma odomita, najaza tena kituo kilekile. Tairi zilikuwa 205R16, sasa nimefunga 265/70R16. Themostati ilitolewa baada ya gari kuchemka Kitonga, fundi akasema haina kazi. Habu ni za mkono, ziko LOCK kwa sababu ya tope la Kikondo.

Spana17

Basi nusu ya kesi umeshaitaja mwenyewe.

Tuanze na tairi kwa sababu zinaharibu hata kipimo chako. 205R16 ina kipenyo cha kama milimita 740, na 265/70R16 ni 777. Kila tairi ikizunguka mara moja gari inasogea mbele zaidi kwa asilimia 5, lakini odomita inahesabu mizunguko tu. Ikikuonyesha 100 umetembea 105. Kwa hiyo 7.6 yako kwa kweli ni kama 8.0. Zidisha kila usomaji wa odomita kwa 1.05 kabla ya kugawa kwa lita, la sivyo utakuwa unatibu ugonjwa ambao kama sehemu yake moja ya sita haipo. Ila tairi zenyewe ni pana na nzito, na zinairefusha gia: mlima uliokuwa unaupanda gia ya nne sasa unakudai ya tatu. Hicho kipande hakirudi kwa sevisi, kinarudi ukifunga saizi ya kiwandani.

Sasa themostati. Hili ndilo ningeanza nalo hata kama ungekuwa na hela ya pampu mkononi. Injini ya L (5L yako ni ya familia hiyo) inachomea mafuta kwenye chemba ndogo ndani ya kichwa, na chemba hiyo inataka joto. Themostati yake huanza kufunguka kama nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanapita rejeta tangu unapowasha, na kwa baridi ya Isyonje mwezi wa saba injini inaweza kutembea njia nzima bila kufikia joto la kazi. Dizeli inagonga kuta za baridi, haiungui yote, inatoka nyuma kama moshi mweupe. Oili inabaki nzito, nawe umeweka 20W-50 ambayo ni nzito zaidi. Kwa baridi yetu 15W-40 inatosha kabisa kwa injini hii isipokuwa kama imechoka na inakula oili.

Na sailensi yako kuwa juu kunaingia hapohapo. Pampu nyingi za L zina kifaa cha baridi ubavuni, kina nta ndani na kinapitiwa na maji ya injini kwa hosi mbili nyembamba. Injini ikiwa ya baridi, nta imesinyaa, kifaa kinapandisha sailensi na kuwahisha taimingi (wakati wa kupuliza) ya mafuta. Maji yakipata moto nta inavimba na kuachia. Maji yasipopata moto, hakiachii. Yaani gari inatembea kutwa nzima ikidhani bado ni alfajiri.

Kuna kosa lingine la kuitoa ambalo mafundi wengi hawalisemi. Themostati yenye kisahani cha pili kwa chini huwa inaziba njia ya baipasi injini ikishapata moto, ili maji yote yaende rejeta. Ukiitoa, baipasi inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoozwa. Kwenye mteremko unapata baridi, kwenye mlima mrefu wa joto kama Kitonga unaweza kuchemsha vilevile.

Kilichochemsha gari Kitonga bado kipo, kwa hiyo ukirudisha themostati kitafute. Mapezi ya rejeta yamezibwa na tope na wadudu? Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, usielekeze mpira wa presha kubwa karibu, unalaza mapezi. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9 au 1.1, hakikisha unafunga ule wa gari yako na raba yake haijakakamaa. Huku juu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, kwa hiyo mfuniko mbovu unakuumiza mapema kuliko aliye Dar. Kisha klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na ya baridi, zungusha feni kwa mkono. Itembee kwa uzito kidogo na kusimama yenyewe. Ikizunguka kama pangaboi haivuti hewa. Ikiwa imeganda kabisa inavuta muda wote, inapiga kelele na kula nguvu ya injini, nayo ni dizeli.

Mkali_wa_Kitonga

Mnamzungusha sana. Moshi mweusi ni mafuta mengi. Fundi alegeze ile skrubu ya kiasi cha mafuta nyuma ya pampu robo mzunguko, moshi unakwisha na ulaji unashuka. Kazi ya dakika kumi.

Nozeli_Iringa

Kamwene wakuu. Mkali, hapo sikubaliani, na naomba Mviazi asiguse hiyo skrubu.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo ya kuyachoma. Inaweza kuwa mafuta yamezidi, au hewa imepungua, au mafuta yanaingia matone badala ya ukungu. Ukilegeza skrubu unapunguza mafuta hata pale kosa liko kwenye hewa. Moshi utapungua kweli, lakini gari itakosa nguvu, dereva atakanyaga zaidi na kushuka gia, na dizeli itaenda vilevile. Halafu alama ya kiwandani imeshapotea. Robo mzunguko kwenye pampu ile ni kubwa mno, skrubu hiyo inapimwa kwenye benchi kwa mililita.

Nakubali jambo moja: usawa wa Mbeya, kama mita 1,700, hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na 5L haina tabo ya kufidia. Pampu iliyosetiwa kwa pwani itatoa moshi kidogo huku ikibanwa. Kwa gari isiyoshuka kamwe kupunguza kidogo ni halali, lakini kwenye benchi, mwisho kabisa, baada ya hewa na nozeli kuwa sawa. Na urefu wa milima si sababu ya hasara hii, maana gari ilikuwa inatoa 10 ikiwa hukuhuku.

Kwa hiyo nenda kwenye hewa. Toa ea klina (filta ya hewa), weka taa ya simu ndani, tazama kwa nje. Mwanga usipopita sawasawa pande zote, badilisha. Ya karatasi haioshwi kwa maji, inapulizwa kwa hewa ya upole kutoka ndani kwenda nje, na ikishapulizwa mara chache iache, karatasi inatoboka usikoona. Tope si tatizo lake kubwa, vumbi ndilo. Gari inayokwenda Ubaruku au Makongolosi kiangazi ikaguliwe kila sevisi ya oili bila kusubiri kilomita za kitabu. Tazama pia hosi kati ya nyumba ya filta na injini: ikipasuka nyuma ya filta, vumbi linaingia moja kwa moja na kula ringi za pistoni.

Dizeli filta ibadilishwe, hasa kama mnanunua mafuta ya madumu vijijini. Kabla ya kuifungua, legeza koki ya chini, weka chupa angavu, pampu kwa mkono ile pampu ndogo ya juu. Maji yatakaa chini ya dizeli, utayaona kwa mstari. Ukipata maji mengi, shusha na tangi lioshwe, la sivyo filta mpya itajaa tena na nozeli zitapata kutu. Ukishafunga mpya, pampu kwa mkono mpaka iwe ngumu ndipo uwashe.

Nozeli ndiyo kazi ya kwanza ya kulipia, kabla ya pampu. Zipimwe kwenye mashine ya mkono mbele ya macho yako. Tazama mambo matatu. Presha ya kufunguka, kwa nozeli hizi ni karibu na baa 150, na zote nne zifanane. Umbo la mpulizo: ukungu ulionyooka, usiopinda pembeni, usio na mshipa wa mafuta katikati. Na kudondosha: fundi ashikilie presha baa 10 hadi 20 chini ya ile ya kufunguka kwa sekunde kumi, ncha ibaki kavu. Inayodondosha ndiyo inayotoa moshi mweusi na kugonga. Presha ikiwa chini inarekebishwa kwa shimu (kisahani chembamba cha chuma) ndani ya nozeli, si lazima ununue mpya. Wakati wa kurudisha, washa za shaba na zile za kuzuia joto chini ya nozeli ziwe mpya. Kurudishia za zamani ndiko kunakofanya kompresheni ivuje na nozeli kuganda kichwani.

Na hita plagi zipimwe kwa mita wakati uko hapo. Nzima inasoma chini ya omu 2, iliyokufa haisomi kitu. Moja ikifa, silinda hiyo inatema dizeli mbichi kila asubuhi.

Dada_Beringi

Nyote mko kwenye injini na huyu kaka ametuambia habu ziko LOCK. Kaka Mviazi, ukiwa kwenye lami ziweke FREE. Zikiwa LOCK, magurudumu yanazungusha ekseli za mbele, difu ya mbele na propela shafti yake hata kama liva ya ndani iko 2H (magurudumu ya nyuma tu). Unaburuta vyuma na oili nzito bure kuanzia Isyonje mpaka sokoni. Funga LOCK unapoingia tope la Kikondo, fungua ukirudi lami. Ila zisisahaulike FREE miezi yote, mara mojamoja zifunge na utembee kidogo ili oili ifike huko mbele.

Halafu breki. Gari ya tope na mzigo ikianza kula mafuta mimi natazama breki kabla ya nozeli. Kipimo ni hiki: tembea kama kilomita 10 barabara tambarare, ukikaribia kusimama acha gari ipungue yenyewe bila kukanyaga breki. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kushika kwa pupa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hiyo inashika au beringi yake imekazwa mno. Kisha piga jeki gurudumu mojamoja, gia nyutro, zuia mengine kwa mawe, uzungushe kwa mkono. La mbele lizunguke zaidi ya mzunguko mmoja baada ya kuliachia.

Kwenye Hilux za 4x4 kalipa ya mbele ina pistoni nne. Moja tu ikipata kutu inabana padi bila dereva kusikia chochote. Utaiona kwa padi: moja imekwisha, mwenzake bado nene. Kwa nyuma tatizo lina mahali pake. Waya wa handbreki unaishia kwenye kiwiko cha chuma nyuma ya sahani ya breki, kila upande mmoja. Kiwiko hicho kinakaa juu ya pini iliyo wazi kwa tope. Kinaganda, handbreki ukiishusha hakirudi chote, na shuu zinabaki zinagusa drumu. Kigonge pini, safisha kutu kwa brashi ya waya, paka grisi, rudisha na raba yake ya kuzuia vumbi. Ukikivuta kwa mkono na kukiachia lazima kirudi chenyewe hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo usetishe shuu, na waya uwe wa mwisho kukazwa. Wengi wanaanza na waya, na ndipo breki inapoanza kushika.

Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, pale gari inapolala. Joto likishuka nyuzi 10, upepo unashuka kama paundi 1.5 hadi 2, kwa hiyo uliojazwa mchana wa jua sokoni ni pungufu alfajiri Isyonje. Fuata stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva kwa mzigo na bila mzigo, ila stika ni ya saizi ya kiwandani, kwa hizo 265 muulize anayeuza tairi kwa uzito unaobeba. Tairi za mbele zikiwa zinalika kingo za upande mmoja, peleka alainimenti.

Chimala_Dereva

Swali la nyongeza. Tukishuka Mlima Nyoka wengi tunaweka nyutro kuokoa dizeli. Inaokoa kweli? Na zile sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta?

Nozeli_Iringa

Nyutro haiokoi, inakula. Ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umetoka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na gavana (kidhibiti cha mafuta) ya pampu inakata mafuta kabisa mpaka mizunguko ikaribie sailensi. Ukiweka nyutro injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hiyo pampu inaendelea kutoa mafuta ya sailensi mteremko mzima. Na umebaki na breki tupu nyuma ya malori, na hapo watu wanakufa. Shuka na gia uliyopandia au moja chini yake.

Sumaku haifanyi kitu kwa dizeli, iache dukani. Dawa ya kusafisha nozeli ya kumimina tangini inaweza kusaidia uchafu mwepesi, haitengenezi nozeli inayodondosha.

Spana17

Naongeza moja: tepeti, yaani upenyo wa valvu. Kwenye 5L zinasetiwa kwa shimu, kwa hiyo wengi hawazigusi. Injini ikiwa ya baridi, ingizo milimita 0.20 hadi 0.30, ekzosi 0.40 hadi 0.50. Ekzosi ikibana valvu haikai vizuri, kompresheni inavuja na kuwasha asubuhi kunakuwa kwa shida. Pima kwa fila geji ukiwa umefungua kava ya juu kwa sababu nyingine yoyote. Ukiwa hapo tazama pia kava ya taimingi belti kwa chini: ikiwa na unyevu wa dizeli, sili ya mbele ya pampu inavuja. Hapo ndipo pampu inashuka kwa haki, maana dizeli inalainisha belti, na belti ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Mviazi_Isyonje

Asanteni sana wakuu, na dada Beringi pia. Habu ziko FREE, kiwiko cha nyuma kushoto kimekutwa kimeganda kabisa, kinashughulikiwa. Nimenunua themostati imeandikwa 82. Fundi ameining'iniza kwenye sufuria ya maji jikoni, maji yamechemka, imefunguka lakini si yote. Anasema ni feki nirudishe. Ni kweli?

Spana17

Usirudishe kwanza. Ya 82 inaanza kufunguka hapo na inafika mwisho karibu na nyuzi 95. Sufuria isiyo na mfuniko Mbeya inachemka kwenye 94 hivi, na ukiwa Isyonje ni chini zaidi, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha mwisho wake. Pima upya kwa themomita, themostati ining'inie kwa uzi uliobanwa kwenye mlango wake bila kugusa chini ya sufuria. Ikianza kuachia uzi kati ya 80 na 84, na maji yanapochemka iwe imefunguka sehemu kubwa, ni nzima. Itoe, ipoe, ifunge kabisa bila kuacha upenyo wa mwanga. Inayoanza kufunguka kwenye 70 au isiyofunga vizuri ndiyo ya kurudisha.

Wakati wa kufunga, oringi iwe mpya, na kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, ndicho kinachotoa hewa. Jaza kulanti nusu na maji safi nusu, hita ya ndani ikiwa imefunguliwa, mfuniko wazi, injini iwake mpaka mapovu yaishe. Kesho yake asubuhi shika hosi ya juu ya rejeta baada ya kuwasha: ibaki ya baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto kwa ghafla. Ikipanda taratibu pamoja na injini, bado kuna maji yanayopita, fungua utazame kama imekaa kwenye ukingo wake.